Taa za sebule zipangwe kabla ya lipu

Ndugu Mhariri,

Ukipita jioni kwenye nyumba mpya za Ipuli, Isevya na kwingineko hapa Tabora mjini, sebule nyingi utazikuta za namna mbili. Ama balbu moja nyeupe katikati ya dari, anayesoma anajitilia kivuli mwenyewe. Ama taa kumi na mbili za jipsamu zilizopangwa kama vifungo vya shati, zote swichi moja. Chanzo ni kimoja: fundi umeme anaulizwa taa ziende wapi wakati lipu imeshakauka.

Watu bado wananunua balbu kwa wati. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga ni lumeni, nazo zimeandikwa kwenye boksi. Sebule inataka kama lumeni 150 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 5 kwa 4 kitahitaji lumeni 3,000, yaani balbu nne za LED za wati 9, kila moja lumeni 800 hivi. Zikiwaka zote saa tano kila usiku, kwa mwezi hazifikishi uniti sita za LUKU. Kuta zikiwa za rangi nzito, kahawia au kijani iliyokolea, ongeza balbu, maana ukuta wa aina hiyo unameza mwanga.

Kuzipanga ni rahisi: umbali wa taa hadi ukuta uwe nusu ya umbali kati ya taa na taa. Kwa chumba hicho, mita 1.25 kutoka kuta fupi na mita 1 kutoka kuta ndefu. Hapo pia unakwepa pangaboi. Feni ya inchi 56 ina kipenyo cha mita 1.4, na taa iliyokaa juu ya mapanga yake hukatakata mwanga chumba kizima mpaka wageni waumwe kichwa. Kosa hili tunaliona mno, na kulirekebisha ni kutoboa jipsamu upya.

Gawa swichi. Taa za dari ziwe mbilimbili, taa ya ukutani kwenye kona ya kusomea iwe peke yake, na nyingine ndogo nyuma ya televisheni ili macho yasichoke na kioo kinachong'aa gizani. Swichi zikae upande wa kitasa, mita 1.2 kutoka sakafuni. Nyingi huishia nyuma ya mlango kwa sababu hakuna aliyeuliza mlango utafungukia wapi.

Waya wa taa ni milimita 1.5 za mraba, breka ya ampea 6 au 10. Swichi ikate waya wa moto, ule unaoleta umeme. Fundi akikata nyutro, ule unaorudisha umeme, balbu ya LED huendelea kuwaka kwa mbali hata ukizima, na anayebadilisha balbu akidhani amezima anaweza kupigwa shoti. Kava ya taa iliyozibwa kabisa nayo huua balbu mapema: joto halina pa kutokea, na dari ya chini ya bati kwa jua la Oktoba ni tanuri tayari.

Rangi ya mwanga tungependa ibadilike kabisa. Balbu ya 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), ile nyeupe, inafaa dukani. Sebuleni weka 3000K, ya unjano. Inapumzisha, na mvua za kwanza zikinyesha haivuti kumbikumbi kama ile nyeupe.

Kabla ya kuchimbia bomba za waya, chora kwa chaki sakafuni makochi, meza na televisheni vitakapokaa. Kisha usiku ning'iniza balbu ya muda kwenye kila alama ya taa, kaa pale kochi litakapokuwa, ufungue gazeti. Herufi zikififia, sogeza alama. Saruji bado haijagusa ukuta.

Mafundi umeme,
Ipuli, Tabora