Kozi za chuo kwa watoto wa sekondari: tusihesabu krediti tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wazazi wenzangu tunaoishi Marekani, na pia ndugu walioko nyumbani wanaorushiwa picha za watoto wetu kwenye WhatsApp: “Binti yangu yuko darasa la 11 na tayari anasoma chuo!” Picha ni za kweli, sina ubishi. Ninachotaka kueleza ni yale ambayo picha haiyaonyeshi.

Ninaishi Columbus, Ohio, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Kwa kuwa Kiingereza kinanipanda kuliko majirani zangu wengi, Wakongo na Warundi, meza yangu ya jikoni imekuwa mahali pa kusomea barua za shule. Siku hizi nyingi zinahusu mpango uitwao College Credit Plus. Ohio iliuanzisha mwaka 2015, na unamruhusu mwanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12 kusoma kozi za chuo zikahesabiwa sekondari na chuoni kwa mpigo. Kila kozi anayofaulu humpa krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa mpaka shahada. Kama anasoma shule ya serikali na kozi ni ya chuo cha umma, mzazi halipi ada wala hanunui vitabu. Minnesota walitangulia, tangu 1985, na leo mambo haya yameenea nchi nzima: mwaka wa masomo 2022-23 wanafunzi wapatao milioni 2.5 wa sekondari walisoma walau kozi moja ya chuo. Vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili, vimepungukiwa na wanafunzi watu wazima, na sasa karibu mmoja kati ya kila wanafunzi wao watano ni mtoto wa sekondari. Kwa hiyo tukiambiwa “mlete mtoto, ni bure”, tukumbuke kwamba anayetuambia naye ana viti vya kujaza.

Sipingi mpango. Utafiti unauunga mkono. Mwaka 2017 kitengo cha Wizara ya Elimu ya Marekani kinachopima ubora wa tafiti kilikubali kwamba kozi hizi zinaongeza idadi ya wanaomaliza sekondari, wanaojiunga na chuo na wanaohitimu. Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa North Carolina, kwenye zile sekondari zilizounganishwa na chuo. Waombaji walizidi nafasi, wakapigiwa kura ya bahati nasibu, kisha watafiti wakawafuatilia waliopata na waliokosa. Waliopata walihitimu stashahada za miaka miwili kwa wingi kuliko wenzao. Hapo huwezi kusema ni kwa sababu wazazi wao ni wasomi au wana pesa, maana kura haimjui mzazi.

Lakini shule zile hazikumtupia mtoto kozi tu. Zilikuwa ndogo, zina washauri wanaomjua mtoto kwa jina, na mfululizo wa kozi uliopangwa tangu siku ya kwanza. Sasa mtu anachukua matokeo yale anayatumia kumnadia mtoto wangu kozi moja ya intaneti ya wiki nane, isiyo na mwalimu wa kumwona wala mshauri wa kumuuliza. Hiyo ni bidhaa nyingine kabisa. Watafiti wa vyuo vya jamii walioko Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wamelisema hili kwa miaka: kozi zikitolewa bila mpangilio, zinawanufaisha wale ambao wangefika chuo hata bila hizo kozi, huku watoto weusi na wa kipato cha chini wakibaki wachache kuliko idadi yao shuleni.

Niwape mfano wa mezani kwangu. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliniletea bahasha ya chuo kikuu anakosoma mwanawe. Barua ilisema msaada wa fedha umewekewa onyo, kwa kuwa kijana hajafaulu walau asilimia 67 ya krediti alizojiandikisha. Tukafungua transkripti, yaani rekodi ya kozi na alama zake zote za chuo. Juu kabisa, kabla hata ya muhula wake wa kwanza wa chuo, kulikuwa na kozi mbili za chuo alizosoma akiwa darasa la 11: saikolojia amefeli, F, nyingine ameiacha katikati, W. Zote za intaneti, alizozichukua huku akifanya kazi wikiendi kwenye mgahawa. Mama akaniuliza, “Kaka, mutoto alianza chuo mwezi wa nane. Hii F ilitokea wapi?”

Hakuna aliyemwambia kwamba transkripti ya chuo inafunguliwa siku mtoto anapoanza kozi ya kwanza, awe na miaka 19 au 15, na haifungwi. Hapa ndipo sisi tuliosoma Tanzania tunapotegwa. Tumekulia kwenye mtihani wa taifa. Wote tunamjua mwenzetu aliyekuwa wa mwisho darasani miaka mitatu, akajifungia miezi miwili, na NECTA ilipotoka akawa na daraja la kwanza. Huku hakuna NECTA ya kukufufua. Zoezi la wiki ya pili lina alama zake, na usipolituma ndiyo basi.

Kuna na jingine linalowashangaza wazazi. Ukipiga simu chuoni kuulizia maendeleo ya mtoto wako wa miaka 15, watakujibu kwa adabu kwamba sheria ya shirikisho inampa yeye haki ya kumbukumbu zake, si wewe. Mtoto mwenyewe atakwambia “niko poa tu”. Na kuna wiki mbili za mwanzo wa muhula ambazo anaweza kuacha kozi bila doa; zikipita, na akafeli, shule inaweza kumdai mzazi gharama, ingawa familia zenye kipato cha chini zimewekewa kinga.

Kwa hiyo kwenye harusi na misibani tuache kushindana kwa idadi ya krediti. Krediti 30 zisizoingia kwenye shahada ya uuguzi anayoitaka binti yako ni muda uliopotea, na vyuo vingi binafsi vyenye majina vinaweza kuzikataa zote. Vyuo vya umma vya Ohio vina orodha ya kozi zinazopokelewa kila chuo cha umma jimboni, inaitwa Ohio Transfer 36. Mzazi aombe orodha hiyo kabla ya kusaini chochote.

Na shule nazo zitimize wajibu wao. Kila mwaka zinatakiwa kufanya kikao cha maelezo kuhusu mpango huu. Nimehudhuria kimoja: slaidi za Kiingereza, dakika arobaini, na wazazi wetu waliofika walikuwa wakitafsiriwa na watoto wao wenyewe. Mtoto anayetaka kozi nne atatafsiri nini kuhusu hatari ya kozi nne? Sheria ya haki za kiraia inazitaka shule ziwape wazazi habari kwa lugha wanayoielewa, na mkalimani hulipwa na shule. Tumwombe kwa maandishi mwezi wa kwanza, mapema, kwa sababu fomu za kutangaza nia ya kushiriki zina tarehe ya mwisho. Misikiti na makanisa yetu yana kumbi. Tumwalike mshauri wa shule aje na mkalimani wake aulizwe maswali mpaka aombe maji.

Fomu ya binti yangu nitaisaini, kwa kozi mbili: uandishi wa Kiingereza na takwimu. Zote zimo kwenye orodha ile, na zote ni za kukaa darasani mbele ya mwalimu. Yeye alitaka nne. Bado hajanisemesha vizuri.

Baba wa wanafunzi wawili,
Columbus, Ohio