Barua ya wazi kwa Mh. Waziri wa Elimu: watoto wa Dodoma wapelekwe Saranda wakaone ardhi ilivyokatika

Mheshimiwa Waziri, shikamoo na pole na majukumu.

Mi ni mwalimu wa jiografia hapa Dodoma. Wiki ilopita nlikuwa kidato cha tatu, topiki ya mabara kusogea, nimefika kwa Wegener, yule Mjerumani alotoa hoja 1912 kwamba mabara yaliwahi kuungana yakaachana, mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, mwalimu, kama bara linatembea mbona nyumba yetu Chang'ombe iko palepale tangu enzi za babu? Darasa likacheka. Mi sikucheka, maana hata wasomi wa wakati ule walimkatalia Wegener kwa sababu inayokaribia hiyo, visukuku, yaani mabaki ya kale ndani ya mawe, vya mjusi yuleyule wa Brazil na Afrika Kusini aliwaonyesha, ila nguvu ya kusukuma bara zima hakuweza kuieleza, akafia Greenland 1930 wengi bado hawajamwamini.

Nlimjibu kwamba nyumba yenu inasogea, ya jirani inasogea, mji mzima unaenda pamoja sentimita 2 na kitu kwa mwaka na GPS inapima. Akaandika kwenye daftari. Ila usoni nliona kabisa hajaamini.

Sasa Mheshimiwa, njia ninayorudi nayo nyumbani kuna mama anagonga kokoto, lile jiwe letu la graniti lenye punje za pinki na vimeta vyeusi, anauza kwa ndoo. Jiwe hilo lina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Alafu nenda kwenye bahari ya Atlantiki au Hindi, wametoboa sakafu wakapima mawe, hakuna palipofika hata miaka milioni 200! Bahari kubwa zote hizo ni mtoto mdogo mbele ya kokoto za yule mama. Kisa ni kwamba sakafu ya bahari inazaliwa kila siku, katikati ya Atlantiki kuna safu ya milima chini ya maji, imepasuka, uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka unapanda, ukiganda vichembe vya chuma ndani yake vinabaki vimeelekea sumaku ya dunia ya wakati huo, na sumaku ya dunia huwa inageuka, kaskazini inakuwa kusini, kwa hiyo jiwe linajiandika mistari kulia na kushoto inayofanana kama pindo mbili za kanga, ukiikunja katikati zinalaliana. Vine na Matthews, wanajiolojia wa Uingereza, ndo walieleza hilo 1963, na hapo ndo wabishi wengi walianza kunyamaza. Sakafu ya zamani nayo inazama kwenye mifereji ya kina kirefu chini ya bahari kama ile ya Pasifiki.

Atlantiki hatuwezi kuwapeleka, ila Saranda tunaweza. Unatoka Dodoma unapita Bahi, majaruba ya mpunga, tambarare mpaka macho yanachoka, unapita Kintinku, mara hapo Saranda ukuta wa mlima unasimama mbele na basi linashusha gia kuupanda kwenda Manyoni. Ule ukuta ni ardhi iliyokatika, upande mmoja ukabaki juu mwingine ukashuka, ndo ukingo wa Bonde la Ufa lenyewe, Afrika inaachana milimita chache kila mwaka. Watoto wangu wengi wamepita pale wakienda Singida, wamelala au wanatapika kwenye mfuko, hakuna hata mmoja aloambiwa angalia nje. Inaniuma sana kwa kweli.

Naomba waraka mmoja tu, kila mwanafunzi wa jiografia Dodoma na Singida afikishwe pale kabla hajamaliza kidato cha nne na nauli itoke serikalini, isiwe mchango wa mzazi, maana tukichangisha wanaobaki ni walewale kila siku. Siku hiyohiyo wakirudi wapitishwe makumbusho ya jiolojia hapa mjini, wayashike mawe.

Darasa langu lina watoto 52, basi moja kubwa linatosha na maji watabeba wenyewe. Tukiondoka saa 12 asubuhi tutafika jua linaupiga ule ukuta usoni, maana umetazama mashariki, kila mpasuko unaonekana, na yule wa Chang'ombe nitamsimamisha mbele kabisa.

Mwalimu wa jiografia, Dodoma