Mwanangu, takwimu usiikimbie

Mwanangu mpendwa,

Kwamba umechagua sosholojia nimesikia kwa shangazi yako, si kwako. Hilo limeniuma, lakini tuliache. Kinachoninyima usingizi ni swali lile lile ulilolinyamazia: ukimaliza, utafanya kazi gani?

Nimeulizia. Kazi zipo, ila hazijaandikwa jina la sosholojia mlangoni. Ziko ustawi wa jamii, idara za rasilimali watu, utafiti wa masoko, takwimu za serikali, ufuatiliaji na tathmini ya miradi. Kila mlango utawakuta wengine wamepanga foleni, waliosoma uchumi, saikolojia, hata sheria. Wewe utaingia na nini mkononi?

Ingia na takwimu. Kuchagua sampuli, yaani watu wachache watakaowakilisha wengi, kuandaa hojaji, kuchambua majibu kwa kompyuta. Najua hesabu huzipendi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema mbele ya wageni, "Huyu ni mtoto wa maneno, hesabu muacheni." Ukalishika neno langu.

Kile kitabu ulichokiacha chini ya kitanda nimekisoma. Nimemkuta W.E.B. Du Bois, mwanasosholojia mweusi wa Marekani, aliyepita nyumba kwa nyumba katika mji wa Philadelphia kuanzia mwaka 1896, akiwauliza watu weusi wa Wadi ya Saba kazi zao, kipato chao, nyumba wanazolala. Wengine walishaamua kwamba umaskini ule ni tabia ya watu wenyewe. Yeye alihesabu kwanza, na matokeo yakatoka mwaka 1899. Maneno alikuwa nayo, na hesabu pia.

Halafu nikamkumbuka kijana mmoja aliyekuja hapa na hojaji. Hata hakukaa. Kalamu mkononi, macho kwenye karatasi: "Mapato ya kaya kwa mwezi?" Nikamtajia nusu. Akaandika, akaondoka, na uongo wangu ukaingia kwenye ripoti ya watu. Wewe usingeuliza hivyo. Wewe ungekaa, ungesubiri, na ningekwambia kweli. Kipaji hicho unacho, nami najivunia, hata kama sijawahi kukutamkia. Lakini mwajiri hakioni kwenye cheti. Kwa hiyo kozi ya takwimu, mwanangu, hata kama si ya lazima, ichukue. Na mafunzo kwa vitendo usiyaache hadi mwaka wa mwisho. Omba mapema, ukubali hata kazi ya kukusanya data kwa siku chache.

Niliposema unapoteza miaka mitatu, nilikuwa nimechoka siku ile.

Mdogo wako ameshahamia kitanda chako, nimemwambia ukirudi atoke. Fundi wa paa amechukua malipo ya awali na simu hapokei. Maji bado yanadondokea pale penye kabati, nguo zako nimeziweka kwenye sanduku la bluu. Ufunguo wake unao wewe au umeuacha wapi? Nijibu hilo, na lile la takwimu.

Mama yako