Kipaka wa chini ya chaga

Mtanda, Lindi
9 Novemba

Mpendwa Somoe,

Habari za hapo Chikongola, Mtwara, za mama na watoto? Huku hatujambo, tunalalamikia joto tu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na kelele za huyo kipaka kwa nyuma, huyo unayetaka kumkamata, aliyejificha ghalani chini ya chaga, zile fremu za mbao za kuwekea mzigo. Nakuandikia barua kwa sababu maelezo yenyewe ni marefu, na kwa sababu umesema vijana wa jirani wamejitolea kuja kumtoa kwa fagio. Tafadhali waambie wasije.

Paka akitishwa hatoki nje, anazidi kuingia ndani. Na akitoka, atatoka kwa mbio: aidha mtaroni, aidha juu ya ekseli ya lori la korosho, halafu umtafute Mikindani. Baya zaidi, akikoswa mara moja hasahau. Mahali pale na chombo kile vinakuwa vimeisha kazi. Kwa hiyo usijaribu kumkamata hata mara moja mpaka kila kitu kiwe tayari.

Kwanza hakikisha kama ana mama. Kaa mbali, hatua thelathini hivi, jioni na alfajiri. Mama paka huweza kuwaacha watoto saa kadhaa akitafuta riziki, na akikuona karibu harudi. Mtoto anayenyonya vizuri husinzia kimya, tumbo limejaa. Aliyeachwa hulia bila kukoma na manyoya huwa machafu. Angekuwa chini ya wiki 4, yaani bado anayumba akitembea, ningekwambia umwache na mama yake, labda kama maji yanaingia pale alipo. Lakini wewe unasema anaparamia chaga na anakutolea meno. Huyo anakaribia miezi miwili, uzito wake utakuwa gramu 700 hadi 900, na anakula mwenyewe. Ni umri mzuri bado wa kumzoesha watu. Akishapita miezi minne mtaani, kumfuga ndani inakuwa shughuli pevu. Na zile chaga zitahamishwa mzigo ukitoka ghalani, kwa hiyo una wiki moja, mbili ukibahatika.

Anza na chakula. Sahani ileile, mahali palepale, saa ileile. Nunua samaki, vibua, sokoni Feri, chemsha kwa maji matupu. Usitie chumvi, na kitunguu usikiguse kabisa maana ni sumu kwa paka. Toa miba yote, vuruga kwa uma, weka vijiko viwili au vitatu vya chakula. Ukikosa vibua, dagaa watafaa, ila waloweke kwanza na kumwaga maji ili chumvi itoke. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha, na mtoto mdogo akiharisha anaishiwa maji upesi. Mwekee maji tu. Baada ya nusu saa ondoa sahani, ama sivyo utakuwa unalisha sisimizi na mashume, yaani mapaka dume, ya mtaa mzima, na kipaka akishamwona shume pale hatakuja tena. Wakati anakula kaa chini, ubavu ukiwa upande wake, na usimkazie macho. Kila siku sogea kidogo.

Sasa tenga. Huu ndio mtego wenyewe: kapu kubwa litakalomwangukia na kumfunika. Liwe la kipenyo kisichopungua sentimita 60, lenye matundu yasiyozidi upana wa vidole viwili, maana kichwa kikipita na mwili unapita. Mdomo wake uzungushiwe tyubu kuukuu ya baiskeli au kitambaa kinene, ili ukingo ukimwangukia mkia au mgongo usimuumize. Juu funga nusu tofali kwa kamba. Bila uzito huo atalinyanyua na kutoka. Tofali zima nalo ni hatari kwa mtoto. Tenga liweke kwenye sakafu ya simenti iliyo sawa. Kwenye mchanga atachimba.

Upande mmoja uinue kwa kijiti cha sentimita 25 hivi. Mshipi wa kuvulia ufunge chini ya kijiti, karibu na sakafu, usifunge juu. Ukifunga juu, kijiti huinama polepole na tenga hushuka kwa kusita, naye anachomoka. Ukifunga chini, mguu wa kijiti unafyatuka na tenga linaanguka papo hapo. Urefu mita 5 au 6, umenyooka. Ukiwa umelegea, nusu ya mvuto wako unaishia kuunyoosha. Jaribu kwa kuweka nazi ndani, mara kadhaa, mpaka mkono wako uzoee.

Lakini usilitegeshe siku ya kwanza. Kwa siku mbili tatu liegemeze kwenye mawe ambayo hayawezi kuteleza, umlishe chini yake. Siku ya kwanza sahani iwe ukingoni, kisha isogeze mpaka ifike ukuta wa nyuma. Atakapokuwa anaingia bila kusimama mlangoni kunusa, hapo yuko tayari. Wengi hapa ndipo wanapoharibu: wanaliona tenga linaanguka vizuri, wanategesha leoleo.

Siku yenyewe mnyime mlo uliotangulia, ila asikae zaidi ya saa 12 bila kula, ni mtoto. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya watu kurudi kutoka msikitini. Usichague dakika ambayo kipaza sauti cha jirani kinakaribia kulia, wala saa ya watoto kwenda shule. Vuta pale tu miguu ya nyuma na mkia vimeshaingia, kichwa kiko kwenye sahani na anatafuna. Akiinua kichwa, subiri. Akitoka, mwache atoke, atarudi; hajaona baya lolote. Ukivuta, vuta mara moja, mlalo.

Likianguka atajirusha huku na huku kama amepagawa. Funika tenga zima kwa shuka zito mara moja, giza humtuliza, na subiri dakika tano bila kuchungulia. Usinyanyue ukingo hata kidogo kuona kama yumo! Kisha penyeza plaiwudi chini taratibu, ukimpa nafasi ya kuinua miguu, funga kila kitu kwa kamba, ubebe vilevile kilivyo mpaka ndani. Usilipindue. Kama kuna ndugu zake, na mara nyingi wapo, liache kwanza lililofunikwa hapo karibu kivulini. Kilio chake kitawaita, na utahitaji tenga la pili.

Wavu wa samaki usiutumie, najua huko haukosekani. Anajisokota ndani yake, nyuzi zinakaza shingo na miguu, na kumkata atoke unahitaji mikono minne. Mfuko wa sandarusi kwenye joto hili ni tanuri. Na asikudanganye mtu kutia vidonge vya usingizi kwenye chakula. Kipimo cha kulaza na cha kuua kwa kiumbe wa gramu 800 vinakaribiana mno, tena atakwenda kulala usikokufikia.

Kwa mkono, usijaribu mpaka akubali kuguswa. Ikilazimu, mfunike kwa taulo nene kutoka nyuma, mzungushe mwili wote, miguu ikiwa ndani. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali ya Ligula siku hiyohiyo ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ni tundu dogo la jino. Jina ni la mbwa lakini paka nao huambukiza, na dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba. Kipaka mwenyewe usimwachie wala asiuawe, afungiwe aangaliwe siku 10.

Mweke bafuni. Ziba tundu la maji na nafasi ya nyuma ya choo, maana atajibana pasipofikika. Boksi lenye mlango, beseni la mchanga mkavu wa kina cha vidole vitatu, chakula na maji upande wa pili mbali na mchanga. Siku ya kwanza umwache peke yake. Halafu mara tatu kwa siku, dakika kumi na tano, kaa sakafuni umlishe kwa kijiko cha mpini mrefu. Mdogo wako kwa sasa, vile ni mjamzito, asiushike mchanga huo; ugonjwa wa toksoplasma hupitia kwenye kinyesi cha paka na hudhuru mimba.

Viroboto watakuwepo. Watoe kwa chanuo la chawa, ukilichovya kwenye maji ya sabuni. Dawa ya unga ya mbwa au ya kuogeshea ng'ombe isimguse: permethrini na saipamethrini, sumu za wadudu zilizomo, zinaua paka. Panadol nayo inaua, hata kipande. Minyoo waachie ofisi ya mifugo ya manispaa, nao watakupa tarehe ya chanjo akifikisha miezi mitatu.

Tenga nilishalitafuta, tayari lina tyubu mdomoni. Keshokutwa nalipandisha basi la asubuhi, nitakutumia namba ya kondakta ulipokee stendi. Plaiwudi uliza kwa maseremala wa hapo kwenu, vipande vya mabaki havina bei. Ukishamkamata mpime kwenye mizani ya dukani akiwa ndani ya boksi, utoe uzito wa boksi, unitumie. Ofisi ya mifugo watauuliza.

Msalimie mama.

Wako,
Zuhura