Idi Mubarak, watu wa Mombasa

Idi Mubarak nyote, wa Mji wa Kale na Majengo, wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu, awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe tena mwakani tukiwa wazima. Nanyi majirani mliotoka kusherehekea Pasaka juzi tu, karibuni pilau.

Mwaka huu wa 2024 Idi imeangukia tarehe 10 Aprili, wiki yenye mengi ya kukumbukwa hapa petu. Tarehe 7 Aprili 1498, mkesha wa Jumapili ya Matawi, Vasco da Gama alitia nanga nje ya mji huu. Mfalme wa Mombasa akampelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Katika kisa chote hiki, zawadi hiyo ndiyo inayonigusa zaidi. Mgeni hajulikani kwao wala nia yake, lakini keshapelekewa kitoweo na matunda! Hawakuaminiana hata hivyo, na siku chache baadaye Mreno aling'oa nanga akaenda Malindi. Mwaka 1505 wenzake walirudi wakauteka mji na kuuchoma moto. Kisha tarehe 11 Aprili 1593, Jumapili ya Matawi vilevile, wakaipa ngome yao jina la Fort Jesus. Kesho, Idi pili, inatimia miaka 431. Watoto watakaopita hapo na kanzu mpya na magauni ya Idi waambiwe habari hii, waambiwe na ile ya machungwa.

Wenye jamaa Unguja wana kumbukumbu nyingine ya tarehe 7 Aprili: siku hiyo mwaka 1972 ndipo Mzee Karume alipouawa. Na Jumamosi hii, tarehe 13, ni siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere kule Butiama, mwaka 1922.

Lakini salamu zangu za dhati ni kwa mliozaliwa katika siku hizi, hasa nyinyi mlioitwa Idi au Ramadhani kwa sababu ya siku mliyokuja nayo. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote na kurudi pale pale baada ya miaka 33 hivi. Aliyezaliwa Idi ya Aprili 1991, ndani ya masika, leo Idi imemzungukia misimu yote na kumrudia katika mvua zile zile alizozaliwa nazo. Mama zenu wanaikumbuka siku ile vizuri kuliko cheti chochote. Nendeni mkawaamkie mapema, kabla nyumba haijajaa wageni, muwaulize mvua ilikuwaje.

Mnaovuka feri na watoto, washikeni mikono vizuri, kunateleza. Kulla aam wa antum bikheir.