Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Tanga: matangazo ya shule yamfikie na mwenye kitochi

Ndugu Afisa Elimu,

Salaam. Sisi wazazi na walezi wa wanafunzi wa sekondari hapa Tanga tunakuandikia kuhusu matangazo ya shule wakati wa kipupwe. Juni na Julai ndipo yanapofululiza: likizo, waliochaguliwa kidato cha tano, fomu za kujiunga, siku ya kuripoti, kambi za kidato cha nne kujiandaa na mtihani wa Novemba. Na ndipo watoto wako nyumbani, hakuna wa kutuletea barua mkononi.

Tunaomba uwaagize wakuu wa shule jambo moja: kila tangazo lianze kuandikwa kama meseji ya kitochi, yaani simu ndogo ya kubonyeza, ndipo lifuate karatasi. Meseji moja hubeba herufi 160. Ukiweka kikatuni (emoji) kimoja tu, au alama za kunukuu zilizopinda zilizonakiliwa kutoka kwenye kompyuta, kikomo kinashuka hadi 70, na shule inalipia meseji mbili tatu kwa habari ileile. Mfano wa inayotosha:

“KIDATO 5: Kuripoti Jumapili 5 Julai, mwisho saa 11 jioni. Baridi kali: blanketi 1, sweta 2. Fomu mpya ya 12 Juni. Za zamani zisitumike.”

Hizo ni herufi 135 pamoja na nafasi, zinabaki 25 za kuweka simu ya ofisi. Simu hiyo ni lazima, kwa kuwa meseji inayokuja kwa jina la shule badala ya namba haijibiki. Na saa iandikwe kwa Kiswahili, asubuhi au jioni. Ukiandika 10:00 pekee, mmoja atasoma saa nne na mwingine saa kumi.

Fomu nazo zina tatizo lake. Zinapigwa picha, zinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na kila zikipigwa upya maandishi yanafifia, hadi tarakimu 3 na 8 hazitofautiani kwenye namba ya malipo. Zitumwe kama faili, si picha. Tarehe ya kutolewa na namba ya ukurasa viwe juu ya kila ukurasa, si wa kwanza peke yake. Bila hivyo orodha ya vifaa ya mwaka jana inaungana na barua ya mwaka huu, na mzazi ananunua mara mbili.

Kwa ubao wa matangazo, tunaomba karatasi zitolewe fotokopi. Wino wa printa ndogo ya maji huchuruzika kwa manyunyu ya mchoo, mvua nyepesi za msimu huu; wa fotokopi haudhuriki. Karatasi iingizwe kwenye mfuko wa plastiki, mdomo ukiangalia chini, na ubao usielekezwe kusini-mashariki unakotoka upepo wa kusi. Nakala moja iende kwa mwenyekiti wa mtaa, nyingine isomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili.

Linalotuuma zaidi ni watoto wanaopangiwa Lushoto. Mji ule uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai ndiyo baridi yenyewe. Mtoto wa Makorora au Chumbageni hajawahi kulalia blanketi. Fomu ikiandika “shuka mbili” basi, atakwenda na shuka mbili. Iseme wazi: blanketi zito, sweta mbili, soksi, na sare ya ziada, kwa sababu kwenye ukungu nguo hukawia kukauka. Iseme pia njia: ashuke Mombo, apande gari la Lushoto, kilomita kama 33 za kona, na afike Mombo kabla ya alasiri. Anayekuta magari yameisha hulala stendi na sanduku lake.

Tunaomba agizo hilo liwafikie wakuu wa shule kabla hawajafunga Juni, wakiwa bado na namba za wazazi mezani.

Wako katika malezi,
Wazazi na walezi wa wanafunzi wa sekondari, Tanga