Fomu ya dola 2,000 imfikie mwenye gunia kumi

Mhariri,

Kila msimu wa mahindi lawama ni ileile: Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ni la wenye malori, na mwenye gunia kumi kaachiwa njia za panya. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haisemi kinachokwamisha ni nini. Umoja wa Forodha ulianza kazi Januari 2005, na Itifaki ya Soko la Pamoja Julai 1, 2010. Mazao yaliyolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hayadaiwi ushuru wa forodha yakivuka mpaka wa ndani. Kinachomrudisha mtu Namanga, Sirari au Holili, vituo vya mpaka wa Tanzania na Kenya, ni karatasi na vipimo vinavyobaki baada ya ushuru kuondoka.

Nianze na cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa, ile fomu ya wafanyabiashara wadogo inayothibitisha kwamba mzigo ni wa Jumuiya ili usidaiwe ushuru wa forodha. Ni ya mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Kimarekani, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama. Hujazwa mpakani, ofisa wa forodha akaigonga muhuri, na haihitaji wakala. Wengi hudhani ni ya ndoo mbili za nyanya. Hebu tupige hesabu: dola ikiwa shilingi 2,500 za Tanzania, kikomo ni shilingi milioni 5; ikiwa shilingi 130 za Kenya, ni 260,000. Gunia la kilo 100 likiuzwa shilingi 80,000 za Tanzania, mtu mmoja anavusha gunia 62 kwa fomu hiyo.

Mambo huharibika kwenye lori la kuchangia. Watu watano wanakodi Fuso moja, kila mmoja na gunia 20, kisha dereva anakabidhiwa karatasi moja yenye gunia 100. Kwa bei hiyohiyo mzigo ni shilingi milioni 8, umepita kikomo, na ofisa akidai cheti kikubwa cha uasilia hajakosea. Dawa yake ni kila mwenye mali kuwa na fomu yake kwa jina lake na hati yake ya manunuzi, na magunia yapigwe alama za rangi au herufi tofauti kabla ya kupakiwa, ili mkaguzi akiuliza gunia za nani zionekane bila kushusha lori zima. Wenye mali wawepo wenyewe. Dereva abaki na orodha tu.

Thamani nayo huleta ugomvi. Usipokuwa na hati, ofisa atakadiria, na makadirio ya bei ya mjini yanaweza kukutoa nje ya kikomo. Mkulima wa kijijini hana mashine ya risiti, hilo linaeleweka. Andikeni basi hati ya mauziano: tarehe, kilo, bei kwa kilo, jina la muuzaji, kijiji, namba ya simu, saini mbili. Na mtu asijaribu kupitisha kwa fomu hii mchele wa Pakistan uliofungwa upya Arusha, au mitumba. Hiyo si mali ya Jumuiya hata kama imekaa dukani miaka mitatu. Unga uliosagwa hapa kwa mahindi ya hapa ni wetu.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba fomu huondoa ushuru wa forodha peke yake. VAT na ushuru wa bidhaa kwa mali zinazotozwa, pamoja na ada za ukaguzi wa afya na ubora, zinabaki. Mtu akiahidiwa kwamba "mpaka ni bure", kisha akadaiwa ada ya maabara, huona kaibiwa. Dalali husubiri mfadhaiko huohuo. Atataja bei moja ya kumaliza kila kitu, na aliyemlipa hapati risiti hata moja.

Sasa mahindi, kwa kuwa hapa ndipo hasara ilipo kubwa. Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu (aflatoksini), sumu itokanayo na ukungu kwenye nafaka, na siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumukuvu. Kipimo chenyewe hakikutungwa siku hiyo. Ni cha kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki: jumla ya sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, ile ya aina ya B1 isizidi 5, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Kinalinda watoto wa pande zote mbili, na sioni sababu ya kuomba kilegezwe. Nalalamikia namna sampuli inavyochukuliwa.

Sumukuvu haisambai sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa na sumu na la ubavuni mwake likawa safi, na ndani ya gunia hilohilo punje chache zikawa zimebeba karibu sumu yote. Kiganja kimoja kilichotolewa mdomoni mwa gunia ni bahati nasibu. Mzigo mzuri hukataliwa na mbaya ukapita. Bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea nafaka guniani, lichomwe juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi ya pande zote za lori. Sampuli hizo zichanganywe na zisagwe kabla ya kupimwa. Kisha unga huo ugawanywe mafungu matatu yaliyofungwa kwa lakiri: moja la kupima, moja la mwenye mali, moja la kutunzwa iwapo matokeo yatabishaniwa. Bila fungu la tatu, aliyekataliwa hana cha kushika mkononi.

Ada ya kipimo hutozwa kwa sampuli, si kwa uzito, hivyo mwenye gunia kumi analipa sawa na mwenye gunia 300. Kupima kwa kikundi hupunguza gharama, ila kuna hatari: gunia la mmoja likiwa na sumu, wote wanaanguka. Kwa hiyo kazi ianze shambani. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Chambua punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi, maana sumu hupenda kukaa humo, na kupika hakuiondoi. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Kujua unyevu bila mashine, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo na kijiko cha chumvi kavu, tikisa vizuri, iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Isiponata, bado usipakie, kwa sababu kati ya 15 na 13.5 chumvi haikuambii kitu. Hapo tafuta kipima unyevu cha ghala au cha ushirika.

Kwa upande wa serikali, kuna vifaa vya kupima haraka vinavyotoa majibu ndani ya dakika chache. Viwekwe kwenye kila kituo cha pamoja cha mpaka, na jibu lililopatikana mbele ya maofisa wa nchi zote mbili likubaliwe na zote mbili. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora na vipimo imekwisha kuweka msingi wa kutambuliana. Bidhaa ya kiwandani yenye alama ya ubora ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, haina sababu ya kupimwa upya ng'ambo.

Wa nyanya, vitunguu na maparachichi wakumbuke mpangilio: kwanza kibali cha kuingiza kutoka nchi mzigo unakokwenda, ndipo cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Ukianza na cha pili utarudishwa, na nyanya hazisubiri. Vilevile, kwenye kituo cha pamoja taratibu zote, za kutoka na za kuingia, hufanyika upande unaoingia. Anayekwenda Kenya kupitia Namanga ashuke upande wa Kenya.

Aliyezuiwa bila sababu aandike tarehe, saa, dirisha, namba ya ofisa na kiasi alichodaiwa, na aombe risiti palepale. Jumuiya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, na malalamiko yasiyo na tarehe wala kiasi hayafiki popote kwenye kamati zake. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya humruhusu hata mkazi wa kawaida kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, lakini ndani ya miezi miwili tu.

Ombi letu kwa mamlaka za pande zote mbili halihitaji bajeti kubwa. Wakuu wa nchi walikubali mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, basi fomu ichapwe kwa Kiswahili. Na liwekwe bango lenye kikomo cha dola 2,000 kwa shilingi za nchi zote mbili, kila ada na ofisi inayoipokea, na zile huduma zisizolipiwa. Bango hilo lisimame nje ya uzio, mahali mtu atakapolisoma kabla hajakutana na dalali, na hesabu ya kikomo isahihishwe kila Jumatatu kufuatana na dola.

Wako,
Mshughulikia nyaraka za forodha,
Namanga